Kopo la Laki na Ishirini kwa Magoti ya Mama
Ugomvi wetu wa kwanza wa pesa kwenye ndoa ulianzia kwenye magoti ya mama mkwe, kule Nanyala, mkoani Songwe. Alipiga simu: "Wanangu, kuna kijana anasema magoti yangu yamekauka oili. Anauza vidonge." Kopo moja laki na ishirini, la mwezi mmoja! Mume wangu akatuma bila kuuliza. Ni mama yake bwana, angekataaje? Mwezi wa tatu ndipo nikaomba nisomewe lebo.

Glukosamini na kondroitini. Vyote vimo kiasili kwenye gegedu, ule utando mgumu unaozuia mifupa ya goti isisuguane, ndiyo maana muuzaji anakwambia ukimeza unarudishia kilichosagika. Inaingia akilini, eti? Tena mwaka 2001 utafiti mmoja wa miaka 3 ulioongozwa kutoka Ubelgiji, kwa wagonjwa 212, ulionyesha kwenye eksirei kwamba glukosamini inachelewesha goti kusagika. Biashara ikanoga.

Kisha Marekani wakapima wagonjwa 1,583. Majibu yakatoka 2006: kwa ujumla, waliomeza vidonge hivyo hawakupata nafuu kuliko waliomeza visivyo na dawa ndani. Baadhi yao walifuatiliwa miaka 2, na majibu ya 2008 hayakuonyesha kwamba gegedu imeokolewa. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi wa Marekani kikashauri visitumike kwa goti. Na kama mzazi wako anameza warfarini ya kuzuia damu kuganda, hapo usicheze kabisa, vinaweza kumvujisha damu.

Tukampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kumbe mama alikuwa anashika fimbo upande wa goti bovu! Inashikwa mkono wa upande wa pili. Akafundishwa kukaa kitini, kunyoosha mguu, kuhesabu hadi 5, kushusha. Akaambiwa apunguze mwili pia: kilo 1 ikitoka, goti linatuliwa mzigo wa kama kilo 4 kila hatua. Hapo mama alinuna kidogo.

Magoti bado yanamuuma asubuhi za baridi, ila sokoni anafika mwenyewe. Ile laki na ishirini, msimu wa kahawa, inalipa vibarua wa kumchumia. Kopo la mwisho liko kabatini, nusu. Hataki litupwe. "Hiyo ni pesa ya mwanangu," anasema.