Mvua Ile Ile, Nyuzi Nane

Mwaka 1976 Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi, ilirekodi na kampuni ya EMI. Miongoni mwa nyimbo zake za miaka hiyo ni “Kothbiro”, uliotungwa na James Mbarack Achieng pamoja na mwenzake Job Seda. Ulikuwa muziki wa roki, wa magitaa ya umeme na dramu. Mwaka 1993 Job Seda, ambaye sasa alijulikana kwa jina la Ayub Ogada, aliuimba tena wimbo huo. Safari hii aliiweka nyatiti, chombo cha nyuzi cha Kijaluo, mbele, vingine vyote akavisogeza pembeni, akaimba polepole kama mtu anayemwita jirani ng’ambo ya ua: mvua inakuja, ng’ombe warudishwe nyumbani.

Mtu wa Nyacheki, huko Ugusii, asiyejua hata neno moja la Kidholuo anauelewa wimbo huo. Huko kwenye miinuko ya Bobasi mvua ya alasiri si habari ngeni. Mchuma chai akiona wingu linajikusanya anajua amebakiwa na muda gani wa kujaza kikapu na kufikisha majani kituoni kabla njia haijageuka utelezi. Ndiyo maana inafaa albamu ya Ogada yenye wimbo huo, En Mana Kuoyo, isikilizwe upya Ugusii, na isikilizwe kwa makini.

Na chombo chenyewe si kigeni. Obokano ya Abagusii ni ndugu wa damu wa nyatiti. Nayo ina nyuzi nane, ila umbo lake ni kubwa zaidi na sauti yake iko chini, chini sana. Itazame kwa karibu. Ni bakuli la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ng’ombe. Mikono miwili inachomoza kwenye ngozi hiyo na kukutana na mti mmoja uliolala juu, na hapo ndipo nyuzi zinapokazwa na kulegezwa mpaka sauti ikae. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng’ombe. Siku hizi nyingi ni za nailoni. Mpigaji akizigusa, chini ya kila sauti unasikia mvumo mzito unaokwaruza kidogo. Mgeni hudhani chombo kina kasoro, kumbe mvumo huo ndio anaoutafuta fundi. Bila huo, wazee hawatageuza shingo.

Ogada hakufika kwenye nyatiti kwa njia fupi. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, wazazi wake wakiwa wanamuziki wa Kijaluo, na sehemu ya utoto wake aliishi Marekani. Baada ya Black Savage alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya nyumba ya sanaa ya Alan Donovan na Joseph Murumbi jijini Nairobi. Akaigiza pia, jina la Job Seda limo katika filamu Out of Africa ya 1985. Mwaka uliofuata akaenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anawapigia wapita njia jijini London. Kutoka huko akaingia tamasha la WOMAD, akajuana na mwanamuziki Peter Gabriel, na hatimaye akarekodi kwa lebo ya Real World, ambayo studio zake ziko katika kijiji cha Box.

Kwa hiyo aliyeketi mbele ya maikrofoni hakuwa kijana anayejaribu bahati. Alikuwa mtu wa bendi aliyekwisha kupiga kwa sauti kubwa miaka mingi na kujua sauti kubwa inafunika nini. Kinachofunikwa mara nyingi ni hadithi. Bendi ikikolea, mwimbaji analazimika kukata maneno, kuyarudia, kuyapisha magitaa. Muziki wa dansi wa benga unafanya hivyo kwa ufundi mkubwa, na hakuna anayelalamika jukwaani. Lakini mashabiki wa marehemu Christopher Monyoncho, nguli wa benga ya Ekegusii, wanajua kwamba tungo zake zina watu na visa ambavyo mchezaji dansi huvipata nusunusu tu.

Wakongwe wa kwingineko nao waliling’amua jambo hilo. Bruce Springsteen, akiwa na bendi iliyojaza viwanja, alijifungia nyumbani New Jersey mapema mwaka 1982 na mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne za kurekodia. Alikusudia kuionyesha bendi yake nyimbo mpya. Bendi ikajaribu, na mwishowe kaseti ile ya chumbani ndiyo ikatolewa kama albamu Nebraska. Johnny Cash naye alitoa American Recordings mwaka 1994, yeye na gitaa lake tu. Ogada alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja, jambo ambalo watu wa Afrika Mashariki hulisema mara chache mno.

Ugusii una kila kinachohitajika kwa rekodi ya namna hiyo. Grandmaster Masese, mshairi na mpigaji wa obokano, amekwisha kuonyesha kwamba chombo hicho kinaweza kubeba maneno mapya mbele ya hadhira ya mjini. Yeye lakini alitokea kwenye ushairi. Anayesubiriwa ni mkongwe wa benga, mtu mwenye nyimbo ambazo watu wa Nyamira na Kisii wanazijua kwa moyo, aketi na mpigaji wa obokano bila dramu, bila kinanda, azisimulie upya kwa mwendo wa mazungumzo. Afupishe utangulizi wa gitaa, arefushe beti. Majina ya vijiji na ugomvi wa mashamba, ambavyo kwenye bendi vilipita mbio, vipewe nafasi.

Gharama yake si ya kutisha. Maikrofoni mbili nzuri zinatosha, moja ya sauti na nyingine karibu na ngozi ya obokano, katika chumba kisicho na mwangwi, asubuhi kabla mvua haijaanza kupiga mabati. Egesa FM inatangaza kwa Ekegusii kila siku na ingeweza kutenga saa moja ya Jumapili jioni kwa albamu ya namna hiyo. Kaunti za Kisii na Nyamira zina idara za utamaduni ambazo zingeweza kulipia siku chache za studio.

Ogada alirudi Kenya mwaka 2007 na akafariki Februari 2019 huko Nyahera, Kisumu, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Nyacheki. Wapo wapiga gitaa wa Kigusii wa rika lake ambao bado wako hai na sauti zao hazijachoka. Hao ndio wa kufuatwa, mwaka huu.