KITUFE KIMEKWENDA WAPI?



Tuseme mtoto ameanza kuharisha maji usiku, hapa Baraka ambapo sote tunaijua kolera. Mama anampigia baba aliye kazini upande wa Misisi. Baba anajibu: «Mama Neema, fungua programu ya afya. Kitufe cha kumwita mganga kiko chini, mkono wa kuume.» Mama anatazama: mahali hapo hapana kitu. Je, baba amesema uongo? Hapana. Vioo vya telefone zao havilingani.

Tuchukue mfano wa kazi yetu. Nguzo iliyokatwa kwa kipimo cha shimo moja, katika shimo jingine itakuwa fupi au ndefu mno. Fundi mwenye akili hupima upya, toka chini mpaka darini. Vitufe navyo ni hivyo hivyo. Zamani mtengenezaji aliweza kukipa kitufe kipimo kimoja tu, toka juu na toka kushoto. Kwenye kioo kidogo kikaangukia nje. Mwaka 2009 Android ilitangaza kwamba njia hiyo isitumiwe tena. Siku hizi kitufe hufungwa kwenye ukingo wa kioo au kwenye kitu jirani, na kioo kikibadilika, nacho husogea. Tena Google inashauri upana wake usipungue milimita 9 hivi, ili kidole kisikose.

Lakini si kila programu imetengenezwa vema. Kwa hiyo shikeni haya:

1. Usimwelekeze mwenzako kwa mahali. Mtajie maneno au alama iliyo juu ya kitufe.

2. Kisipoonekana, shika telefone wima, kisha sukuma ukurasa kwenda juu kwa kidole.

3. Herufi zilizokuzwa sana husukuma vitu chini. Zipunguze kidogo.

4. Kitafuteni leo, watoto wakiwa wazima, katika kila telefone ya nyumbani. Namba ya kituo cha afya iandikeni pia ukutani.

Na mtoto anayeharisha asingojeshwe kwa sababu ya kitufe. Koroga pakiti ya SRO katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, umnyweshe kidogo kidogo, huku mkimpeleka kituoni mara moja.