TARAKILISHI INAPOSAHAU TAREHE

Wanafunzi wenzangu, katika chumba chetu cha tarakilishi zimo mashine zilizobandikwa neno "mbovu" na kusukumwa konani, huku sisi tukibanana watatu kwa moja. Mimi nasema nyingine hazijafa, zimesahau tarehe tu!

Ndani ya tarakilishi nyingi za mezani huwa mna betri ndogo bapa kama sarafu. Nyingi hutumia ile iitwayo CR2032, yenye volti 3 na upana wa milimita 20. Umeme ukipotea, betri hii ndiyo huiendesha saa ya mashine. Ikiisha nguvu baada ya miaka kadhaa, unawasha mashine nayo inakuambia eti huu ni mwaka wa 2009. Basi kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka, kwa sababu hati zake za usalama zina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine hudhani bado hazijaanza. Hata kazi ya mradi uliyoihifadhi leo hupata tarehe ya uongo.

Dawa si kuipiga makofi, jamani, wala kuweka upya mfumo endeshi. Mwiteni mwalimu. Zimeni mashine, chomoeni waya wa umeme, fungueni kifuniko, mtoe betri na kutia mpya, alama ya + ikae kama ya ile ya zamani. Washeni, mrekebishe tarehe na saa. Kwisha! Saa ikirudi nyuma tena, hapo tafuteni fundi.

Kabla ya kuizika mashine, kwanza itazameni saa yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.