Ishara ya Kiziwi ni Kauli

Katika miji yetu ya pwani, tangu Moa mpaka Tanga na Pangani, mtoto hupelekwa chuoni angali mdogo. Mafunzo ya huko ni ya sauti: mwalimu husoma, na watoto huitikia. Je, asiyesikia afanyeje? Mara nyingi huachwa nyumbani, akatumwa maji na kuni, akaitwa “bubu” mpaka jina lake likasahauliwa. Hanyimwi chakula wala nguo, hunyimwa maneno. Akibaleghe, wazee huulizana: ataozwaje huyu, na sala ataijuaje?

Swali la nikahi si geni kwa watu wa Tanga, mji aliohukumu Sheikh Ali Hemed al-Buhriy, kadhi aliyetuachia kitabu cha Nikahi. Jawabu lake ni la zamani. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu cha darsa zetu za Kishafii, ameihesabu ishara ya bubu katika mapatano kuwa kama kutamka. Walakini wanavyuoni wameweka sharti: ishara ifahamike na kila mtu. Ikiwa waifahamu wenye akili nyepesi tu, hiyo ni kinaya, na nikahi haifungwi kwa kinaya. Basi ishara aijuayo mama peke yake haimfai kijana mbele ya mashahidi.

Na ishara si jambo duni. Nabii Zakaria alipewa alama ya kutosema na watu siku tatu ila kwa ishara (3:41). Bibi Maryamu alipokabiliwa na watu wake, alimwashiria mwanawe (19:29). Na Mtume wetu (s.a.w.) alionyesha kwa vidole vyake kwamba mwezi huwa siku 29 au 30.

Wataalamu wa Ulaya walikawia kulitambua hili. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan, Italia, uliamua watoto wafundishwe kwa kutamka na kutazama midomo, ishara ziachwe. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa chuo cha viziwi cha Gallaudet nchini Marekani, alibainisha kwamba kila ishara ina sehemu zake: umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake, kama neno lilivyo na sauti zake. Basi hiyo ni lugha kamili.

Nchini kwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Na Lugha ya Alama ya Tanzania imekwisha kuandikiwa kamusi.

Lakini mzazi asingoje shule. Lugha huota utotoni, nyumbani. Baba, mama na ndugu wajifunze alama kwa viziwi wenyewe. Mwalimu wa chuo naye amkalishe mtoto mbele, amwonyeshe udhu kiungo kwa kiungo. Ishara inayotosha kufunga nikahi, itashindwaje kufundisha sala? Tutaulizwa juu ya watoto hawa, kwani ni amana mikononi mwetu.

Wabillahi taufiq.