Mama, uliza kwanza, sahihi ifuate



Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Ilituondolea watu 2,287. Hapa Oicha tunaikumbuka, lakini wengi wetu hatukujua kwamba sehemu ya kazi ile ilikuwa utafiti.

Chanjo ilianza kutolewa kwa mpango wa utafiti, ndiyo sababu watu waliombwa kutia sahihi. Mwanzoni wenye mimba na wanaonyonyesha walikataliwa. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu, na waganga waliogopea mtoto. Nia ilikuwa kutulinda. Lakini ni sisi tunaouguza na kuosha wagonjwa. Ilifika Juni 2019 ndipo wanaonyonyesha na wenye mimba iliyopita miezi mitatu wakaruhusiwa. Karibu miezi kumi, jirani alichanjwa na mama mwenye mimba akarudishwa nyumbani.

Hata hivyo, utafiti si adui. Beni, Butembo, Katwa na Mangina, timu ya Profesa Muyembe na wenzake wa Marekani walijaribu dawa nne kwa wagonjwa 681. Agosti 2019 ilionekana kwamba mbili kati yake zinaokoa zaidi. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Damu ya Mkongomani imesaidia Wakongomani.

Kilichokosekana ni kuaminiana. Watu waliokuwa wakizika ndugu zao kwa mapanga waliuliza: "Tulipokuwa tunauawa, mulikuwa wapi?" Tena uchaguzi wa Desemba 2018 ukasogezwa Beni na Butembo, Ebola ikiwa moja ya sababu. Maswali hayo hayakuwa ujinga. Yalihitaji majibu mapema.

Kwa hiyo, akija mtafiti nyumbani, mkaribishe, umpe kiti, umuulize:

– Haya ni matunzo ao ni utafiti?
– Damu yangu itapelekwa wapi?
– Nikikataa, nitatunzwa bado?
– Wenye mimba mumewafikiria?
– Majibu mutatuletea lini, na kwa lugha gani?

Karatasi usiyoielewa, omba isomwe tena kwa Kiswahili ao Kinande. Mtafiti mwema hatakasirika. Na akiondoka na damu yetu bila kurudi na majibu, tumuulize sote pamoja, tukiwa na wakubwa wa nyumba kumi.