Wasio Waislamu Waliishi Vipi Enzi za Sultani?

Katika semina zetu za ujirani mwema huko Temeke na Kinondoni swali hili hujirudia. Wapo wanaosema wasio Waislamu waliteswa, na wapo wanaosema hapakuwa na tatizo lolote. Sisi tunaona majibu yote mawili ni mepesi.

Sheria ya Kiislamu ilikuwa na utaratibu wa zamani: Wayahudi na Wakristo, yaani Watu wa Kitabu, walipewa ulinzi wa mtawala, nao wakalipa jizya. Ndivyo walivyoishi Wayahudi wa Baghdad chini ya dola ya Waturuki, huku mambo yao ya ndoa yakiamuliwa na viongozi wa dini yao.

Zanzibar biashara ndiyo iliyotangulia. Forodha ya Sultani, mfuko wenyewe wa serikali, ilikodishwa miaka mingi kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu kutoka Kutch, ambaye kisheria hakuwa hata Mtu wa Kitabu! Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa Kianglikana watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo mwaka 1868. Na Kanisa Kuu la Mkunazini lilipojengwa palipokuwa soko la watumwa, Sultani Barghash alitoa saa ya mnara.

Hata hivyo, haikuwa hisani tupu. Barghash alifunga soko hilo mwaka 1873 baada ya Waingereza kutishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza walikuwa na konsuli wa kuwaamulia kesi zao. Je, Mzaramo wa Mzizima, aliyetambikia mizimu ya babu zake pale pale Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860? Hakuwa na kitabu, konsuli wala manowari. Katika masimulizi ya uvumilivu wa masultani hatajwi kabisa.

Leo Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuchagua imani yake, naye anayetambika yumo. Lakini tunapoitisha kikao cha mtaa na kuomba dini zote ziwakilishwe, barua huenda kwa shehe na kwa mchungaji tu.