Je, Wajua? Voi kuna nyumba unayoweza kuuza, lakini si ardhi yake

Mtaa wa Tanzania-Bondeni, mjini Voi, ulijengwa kwenye ardhi ya reli na ya shamba la mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wake walichagua njia ngeni kabisa Kenya: ardhi ishikwe na amana ya jamii, kwa niaba ya wakazi wote. Nyumba ni yako, uiuze ukitaka. Ardhi iliyo chini yake haiuzwi, na hati yake haiko kabatini mwako uipeleke benki kuweka rehani. Wajanja wa viwanja walinyimwa mlo!

Lakini hata kwingineko rehani ni nadra: mwishoni mwa 2022, Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya rehani isiyofika 30,000. Mji wa Voi peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 50,000 katika sensa ya 2019.

Hata hivyo, unaweza kuwekeza katika rehani bila kushika ufunguo wa nyumba yoyote. Kampuni ya Kenya Mortgage Refinance Company haimkopeshi mwenye nyumba hata senti. Hukopesha benki na sacco, nazo ndizo zinazomkopesha yeye.

Mwaka 2022 kampuni hiyo iliomba wawekezaji shilingi bilioni 1.4 kwa hatifungani ya miaka saba, riba asilimia 12.5. Zilimiminika ahadi za zaidi ya bilioni 8. Sehemu kubwa ya ahadi hizo haikuhitajika.

Hatifungani hiyo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mlango wa kuingilia ni dalali wa hisa na akaunti ya CDS, inayohifadhi hisa na hatifungani kielektroniki, hata ukiwa Mwatate au Wundanyi, jirani na Voi.